Kamusi ya Mtu Mmoja: Ishara na Mahusiano katika The Language of Flowers

Riwaya ya Vanessa Diffenbaugh, The Language of Flowers (2011), inamhusu Victoria Jones, msichana aliyekulia katika mfumo wa malezi ya kambo wa California. Anapotimiza miaka 18 analazimika kuondoka katika mfumo huo, na muda si mrefu anajikuta akilala katika bustani ya umma jijini San Francisco. Alichonacho ni ujuzi wa lugha ya maua, aliofundishwa utotoni na Elizabeth, mwenye shamba la mizabibu aliyekusudia kumuasili. Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama kisa cha msichana aliyeponywa na maua. Makala haya yanadai kwamba, kwa sehemu kubwa ya riwaya, lugha hiyo ni kinga ya Victoria dhidi ya watu. Mahusiano yake yanaanza kujengeka lugha hiyo inapopoteza uhakika wake.

Lugha ya maua ilienea Ulaya katika karne ya 19 kupitia vitabu kama Le Langage des fleurs cha Charlotte de Latour (1819) na kile cha Kate Greenaway (1884). Victoria anaithamini kwa kuwa anaamini kila ua lina maana moja tu. Kwa mtoto aliyehamishwa nyumba hadi nyumba, maana isiyohama ni aina ya makao. Hata hivyo, huitumia kuwapelekea watu ujumbe wasioweza kuusoma. Kwa mtazamo wa isimu, mfumo huo una msamiati na msemaji, lakini hauna msikilizaji. Hali inabadilika katika soko la maua, anapompa Grant rododendroni, yaani ‘jihadhari’, naye Grant anamjibu kwa mfumo uleule.

Kiini cha riwaya, kwa maoni yetu, ni waridi la njano. Victoria anagundua kwamba ua hilo limepewa maana mbili: wivu na usaliti. Ugunduzi huo unamtikisa, kwani unaibomoa nguzo pekee aliyoitegemea. Suluhisho ni kutunga kamusi mpya pamoja na Grant, wakiafikiana kuhusu ua moja baada ya jingine. Maana, ambayo awali ilikuwa kimbilio, sasa inageuka kuwa mapatano. Mjuzi wa kanga hatashangaa: jina lilelile la kanga laweza kuwa pongezi kwa shoga na kijembe kwa jirani, kutegemea nani kaivaa, mbele ya nani na wakati gani. Pragmatiki ambayo mvaaji wa kanga anaijua tangu ujana, Victoria anaifikia kwa maumivu.

Udhaifu wa riwaya umo katika hitimisho lake. Victoria anamwacha mwanawe mchanga kwa Grant, katika kikapu kilichotandikwa mimea midogo inayomea bila mizizi, ambayo katika kamusi yake ni upendo wa mama. Kutokana na picha hiyo tunaelekezwa kuamini kwamba hata asiyekuwa na mizizi aweza kupenda. Tamathali hiyo inapendeza, lakini inafanya kazi ambayo msomaji alitarajia ifanywe na matendo ya wahusika. Aidha, kamusi iliyoambatishwa mwishoni inalipa kila ua maana yake moja, na hivyo kuurudisha nyuma uvumbuzi wa waridi la njano.

Suala la dola nalo linaachwa njiani. Kumtoa kijana katika malezi akiwa na miaka 18 ulikuwa uamuzi wa kisheria. California yenyewe ilianza mwaka 2012 kurefusha muda huo, hatua kwa hatua, hadi miaka 21. Riwaya inaueleza upweke wa Victoria kwa ustadi mkubwa, ila tiba yake inaiachia mapenzi ya watu binafsi peke yake. Mtafiti atakayeendeleza mjadala huu hana budi kuuliza ni nani anayestahili kuwa msikilizaji wa vijana kama Victoria pale ambapo hakuna Grant sokoni.