Kiwanda Huanza, Fundi Humaliza

Wanaosanifu pikipiki humfikiria mnunuzi wa kila mahali: barabara ya kadiri, mzigo wa kadiri, jua la kadiri. Garissa hakuna cha kadiri. Joto hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka. Ukiacha lami ya mjini unaingia mchangani, miiba ya mathenge inasubiri tairi, na nyuma yako kuna madumu ya maziwa ya ngamia yanayotakiwa sokoni kabla hayajaharibika. Ndiyo maana namheshimu fundi anayekaa uani kwake, chini ya mwarobaini, akaunda pikipiki moja kutokana na mabaki ya tatu. Wapo wanaosema ni kazi ya kubahatisha. Mimi naiona kuwa hatua ya mwisho ya uhandisi, ile ambayo kiwanda hakingeweza kuifanya kwa kuwa hakijui pikipiki itaishi wapi.

Vifaa vya kuanzia havikosekani. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki za chini ya cc 250 kodi ya VAT, na bodaboda zikaenea hadi maeneo ya mpakani. Zikichakaa huacha fremu isiyo na injini huku, injini isiyo na fremu kule. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na injini nyingi za hapa zina asili moja. Honda walipotoa CG125 mwaka 1976, waliwakusudia watu wanaobebesha pikipiki mzigo mkubwa na kuihudumia kwa nadra. Badala ya cheni ya ndani inayoendesha valvu, waliweka vijiti vya kuzisukuma, ambavyo havihitaji kukazwa mara kwa mara. Viwanda vya China viliunakili muundo huo, ukasambaa Afrika kwa majina mengi. Kwa hiyo fundi haangalii jina lililobandikwa kwenye tangi. Huinama, akafuta vumbi kwenye injini, akasoma maandishi yaliyogongwa chumani. Akikuta 162FMJ anajua: silinda moja, kipenyo cha milimita 62, injini ya kupozwa kwa hewa. Hapo anajua pia ni spea zipi zitaikubali.

Kazi yenyewe huanza na kipande cha katoni. Fundi huipaka injini oili chafu pembezoni mwa matundu ya bolti, akaibana katoni hapo, na katoni ikabaki na duara nyeusi. Huikata, huijaribu kwenye fremu, huikata tena. Ikikaa sawasawa ndipo huichora juu ya bamba la chuma na kutoboa. Hana haraka hapa, kwani tundu likikosewa kwa milimita moja injini hukaa kwa kulazimishwa, na mtikisiko wa barabara utapasua palipochomelewa.

Baada ya hapo hutafuta mstari wa cheni. Hulaza rula ndefu ya chuma kwenye uso wa sproketi ya nyuma na kuifikisha hadi ya mbele, akiongeza au kupunguza washa mpaka zilingane. Zikipishana, meno huliwa upande mmoja na cheni hutoka pikipiki ikiwa imesheheni. Kisha huhesabu meno. Mbele 15 na nyuma 42, shafti ya gia huzunguka mara 2.8 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Akiweka 14 na 45, hesabu hupanda hadi kama 3.2: mbio zinapungua, nguvu ya kujinasua mchangani inaongezeka. Mteja wa madumu atashukuru. Ndani ya tairi, fundi hutandika mpira wa zamani uliopasuliwa, ili mwiba uishie hapo.

Umeme nao una mitego. CDI, yaani visanduku vinavyowasha cheche ya plagi, mbili zaweza kufanana kwa umbo, kumbe moja hutegemea betri na nyingine hupata umeme moja kwa moja kutoka kwa magneto. Kuchomeka soketi si kuunganisha. Lazima ujue umeme unatoka wapi.

Kabureta hubaki mwisho, na hapo ndipo Garissa yenyewe huingia kazini. Pikipiki iliyorekebishwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ikishuka hadi huku kwenye mita kama 150 tu hukuta hewa nzito zaidi. Petroli ni ileile, hewa imezidi, na injini hupata joto kupita kiasi. Fundi huiendesha mjini kidogo, akazima, akafungua plagi na kuitazama ncha yake juani. Ikiwa nyeupe, huongeza mafuta. Ikiwa na masizi, huyapunguza. Akiona rangi ya kahawia hufunga na kunawa mikono.

Ustadi huu una adabu zake. Fundi wa kweli hagusi injini isiyo na hati, kwa sababu nambari ya injini na ya fremu ndizo zinazothibitisha kwamba pikipiki haikuporwa kwa mtu. Breki pia huzijaribu kabla ya kusifia mbio.

Watu hawa wanastahili zaidi ya ahsante. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, huwatahini mafundi kwa ngazi, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na aliyejifunzia uani ana haki ya kufanya mtihani huo. Chuo cha North Eastern National Polytechnic kiko hapa hapa Garissa; kingepata faida kumwalika fundi huyu mbele ya darasa. Mwanafunzi aliyezoea kubadilisha spea kwa spea ya aina yake anaweza kufuata kitabu. Anayeoanisha spea ambazo hazikuundwa kwa ajili ya kukutana hulazimika kujua kila moja inafanya nini na kwa nini, na elimu ya namna hiyo ndiyo tunayoihitaji kaskazini mashariki.