Kabla ya Kugusa

Tangu tumzike baba, watu wamekuwa wakimsifu kwa dawa zake. Fulani alipona malaria iliyompanda kichwani, fulani homa ya matumbo. Lakini dawa zilikuwa za serikali, na daktari mwingine angetoa hizo hizo. Kilichokuwa chake mwenyewe ni namna alivyompima mgonjwa kwa macho, kwa sikio na kwa vidole. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu.

Alisomea Makerere, wakati ambapo vijana wetu waliotaka udaktari walikwenda Kampala. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Huko, katika hospitali ya Mulago, bado yalisimuliwa ya Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeitwa mwaka 1957 kumtazama mtoto aliyevimba mataya. Hazikupita siku nyingi akamwona mwingine wa aina ile Jinja, akaanza kuufuatilia uvimbe huo hospitali hadi hospitali. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake, na baba hakuchoka kutukumbusha kwamba mwanzo wa kuitambua ni mtu kuutazama vizuri uso wa mtoto.

Lushoto, alikotibu baba, Julai ina baridi kali. Baba alisugua viganja mpaka vikapata moto, ndipo akaweka mkono tumboni kwa mtu, kwani mkono wa baridi hulikaza tumbo, na tumbo lililokazwa halielezi kitu. Alianza mbali na panapouma. Akibonyeza, macho yake yalikuwa usoni kwa mgonjwa, maana uso hukunjamana kabla mdomo haujasema "hapo." Akitafuta bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara, alianzia chini kulia, akavipandisha vidole taratibu kuelekea mbavu za kushoto, kila hatua akisema, "Vuta pumzi." Pumzi ikiingia bandama hushuka, na ikiwa kubwa huvikuta vidole vinaingoja.

Kifuani aligonga. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinalazwa kati ya mbavu, cha kulia kinakigonga, kiwiko kikiwa kimetulia. Pafu lenye hewa hulia wazi. Penye maji sauti huziba. Leopold Auenbrugger, aliyeandika juu ya mbinu hii mwaka 1761, alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni huko Austria, na husimuliwa kwamba aliianzia kwenye mapipa ya mvinyo, kujua yamejaa kiasi gani. Baba alipotuhadithia hayo, sisi wanawe tuligonga mapipa ya maji ya mvua mpaka mama akatufukuza uani.

Alipostaafu, wagonjwa waliendelea kuja barazani. Jioni moja alifika mama mwenye mtoto wa kama mwaka na nusu, amelala mgongoni.

"Shikamoo Daktari. Huyu anakohoa tangu juzi."

"Marahaba, mwanangu. Usimwamshe. Kaa hapa."

Hakumgusa. Alimwomba mama alegeze kanga kifua kionekane, akaitazama saa yake, akahesabu dakika nzima. Mtoto akilia hupumua mbio na hesabu huharibika. Wa umri ule mwenye kikohozi akifikisha pumzi 40 kwa dakika hushukiwa kichomi. Huyu alikuwa amepita, na chini ya mbavu nyama ilibonyea ndani kila alipovuta hewa. "Mnakwenda hospitali sasa hivi," baba akasema, na mwenyewe akaenda kwa jirani kuomba gari. Mtoto alilazwa, akapona.

Matabibu vijana nao walimjia. Mmoja alimwambia kwa heshima kwamba foleni za siku hizi haziruhusu kuhesabu pumzi namna hiyo. Baba hakumkemea. Alimpa saa, akamwambia amhesabie yeye pumzi, dakika nzima, ili waone ni muda gani hasa. Siku ya maziko kijana yule alinieleza kwamba bado anahesabu, hata foleni ikifika getini.