Mgema na Wamsifuo

Kijana wa Mzumbe akishinda mbio chini ya milima ya Uluguru, hukosi mzee wa kumwonya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii humhukumu mgema peke yake. Wamsifuo hawaulizwi neno.

Katika mwaka wa 2008, Samuel Wanjiru, mwenye umri wa miaka 21, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni katika Olimpiki, kule Beijing. Desemba 2010 alishtakiwa kumtishia mkewe maisha, akakana. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akafa.

Wako watakao medali imsitiri bingwa, na wako watakao imzidishie adhabu. Wote humpima mtu kwa medali. Lakini mizani ya haki ni moja: hofu ya mke haipungui kwa kuwa mume ni bingwa, wala kosa la bingwa halizidi la jirani yake. Nao walioshiba ushindi wake yawapasa kujiuliza walimpa nini zaidi ya makofi. Methali imesema nusu ya kweli. Nusu ya pili i juu ya wanywaji.