Wanaowapanga Watoto Mahututi

Katika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kakamega, eneo ambalo malaria haikomi mwaka mzima, pongezi za kwanza zinawastahili matabibu na wauguzi wanaompokea mtoto mahututi kabla ya daktari bingwa kufika. Kazi yao ni kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali, wala si kwa foleni, na chimbuko la utaratibu huo ni jeshini: Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, alitaka majeruhi watibiwe kwa ukubwa wa jeraha bila kujali cheo.

Muuguzi hutazama kama mtoto anapumua, humgusa mkono kuona kama umepoa, kisha humbonyeza ukucha na kuhesabu sekunde mpaka wekundu urudi, kwani zikizidi 3 huenda damu haizunguki inavyopasa. Hapo ndipo penye mtego. Silika humtuma mtu afungulie dripu kwa kasi, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Mbale ng'ambo ya Mlima Elgon, ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye homa kali (wa kuhara hawakuhusishwa), waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa takriban asilimia 10.5 katika saa 48, ilhali wasiomiminiwa walikufa asilimia 7.3. Kujizuia, basi, nako ni ujuzi, na pengine ndio mgumu zaidi kwa daktari wa jeshi anayesomea dharura za watoto, aliyezoea majeruhi ambao mishipa yao iliyopungukiwa damu sharti ijazwe upesi.