Uzio Unaozaa: Nyuki Walivyokabidhiwa Mpaka wa Shamba Sagalla

Mkulima wa pembezoni mwa hifadhi ana mwizi asiyezuiwa na kufuli. Tembo dume mmoja akiingia usiku kwenye ekari ya mahindi, kunde na maboga, kukipambazuka mwenye shamba huenda asikute cha kuvuna. Miiba iliyorundikwa mpakani inakuwa imekanyagwa, na aliyekesha kwenye dungu akipiga madebe hana la kufanya ila kuhesabu hasara. Hata uzio wa umeme, ambao wengi wanauona ndiyo dawa, tembo wamekwisha kuujua: pembe zao hazipitishi umeme, kwa hiyo huzitumia kukatia waya, au husukuma nguzo zikaanguka.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika Sagalla inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua. Vijiji hivi viko chini ya kilima cha Sagalla karibu na Voi, Kaunti ya Taita Taveta, vikipakana na Hifadhi ya Tsavo Mashariki, na huko mpaka wa shamba ulikabidhiwa kwa nyuki. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mnyama mkubwa kumkimbia mdudu. Mimi naisoma kama somo la gharama. Ulinzi wa mazao hudumu pale tu unapomlipa mkulima hata siku ambayo mwizi hakuja.

Ushahidi ulitangulia nguzo

Kazi hii haikuanza na uzio. Mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Kenya kwa kutundika mizinga kwenye miti inayoliwa na tembo. Miti yenye mizinga iliyokaliwa na nyuki iliachwa salama, na hata mizinga mitupu ilisaidia kiasi. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walieleza jaribio jingine, safari hii la sauti peke yake. Spika zilifichwa karibu na familia za tembo zilizokuwa zikipumzika kivulini katika hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kisha ukachezwa mvumo wa nyuki waliochokozwa. Nusu ya familia hizo ziliondoka ndani ya sekunde 10, na kufikia sekunde 80 karibu zote zilikuwa zimekwenda. Mwaka 2010 wakaonyesha kwamba tembo wanaokimbia nyuki hutoa mngurumo wa pekee, na wenzao wakiusikia, hata kama nyuki hawapo, nao husogea mbali.

Sababu iko mwilini mwa tembo. Ngozi yake ni nene mahali pengi, lakini kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga ni laini, na nyuki wa Afrika hushambulia kwa makundi. Mwiba unapochoma huacha harufu inayowaita nyuki wengine waje kuchoma palepale. Tembo aliyepatwa na hayo hasahau, na kwa kuwa anaishi katika ukoo, hofu yake inawafikia wadogo ambao hawajawahi kuchomwa. Mkulima anapotundika mzinga, basi, anaegemea kumbukumbu ambayo mwizi amekuja nayo mwenyewe.

Uzio ulivyosukwa

Ujenzi wake ni rahisi, lakini kila kipimo kina kazi. Nguzo husimikwa mbilimbili, na mzinga huning'inizwa kwa waya kati ya nguzo hizo, kwenye usawa wa kifua ili mkulima aufikie bila ngazi. Kutoka mzinga mmoja hadi unaofuata ni kama mita 10. Mizinga yote huunganishwa kwa waya mmoja unaozunguka shamba, na waya huo haufungwi kwenye nguzo: unashikizwa kwenye nyaya zinazobeba mizinga.

Hapo ndipo penye akili ya uzio mzima. Tembo anapokaribia huuona mzinga na kuukwepa, kisha hutafuta nafasi kati ya mmoja na mwingine, ambako kwa macho yake hakuna kitu. Akipita hapo anausukuma waya kwa kifua, waya unavuta mizinga ya pande zote mbili, na nyuki wanatoka. Laiti waya ungefungwa kwenye nguzo, nguzo ingepokea nguvu yote na mzinga usingetikisika. Uzio huu haukukusudiwa kumshinda tembo kwa mabavu. Umekusudiwa kulegea kwa namna itakayowaamsha walinzi.

Si kila kinachoning'inia kina nyuki. Mzinga halisi hufuatwa na mzinga bandia, yaani kipande cha plaiwudi kilichokatwa kwa ukubwa wa mzinga, kisha mzinga halisi tena. Ekari moja ya mraba ina mzingo wa mita 250 hivi, kwa hiyo huhitaji vitundikwa kama 25, na nusu tu ndiyo mizinga ya kununua. Kwa kuwa mizinga mitupu nayo ilionekana kumtia tembo wasiwasi, ubandia huu umejengwa juu ya ushahidi, na mkulima anaokoa fedha nyingi.

Hesabu ya mashambani

Jaribio kubwa la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011, lilihusu mashamba 34 ya jamii mbili za Waturkana kaskazini mwa Kenya. Mashamba 17 yalizungushiwa uzio wa mizinga wenye urefu wa mita 1,700, na majirani zao 17 wakabaki na uzio wa miiba. Katika misimu mitatu ya mazao, tembo walioingia mashambani walipitia miiba, isipokuwa dume mmoja aliyevunja uzio wa nyuki.

Sagalla ndiko kipimo kilikokuwa kirefu. Kati ya mwaka 2012 na 2015 uzio uliwageuza takriban asilimia 80 ya tembo waliousogelea, na wakulima wakarina kilo 228 za asali. Mashamba yalipoongezeka hadi 26, hesabu ya miaka kadhaa ilionyesha kuwa kati ya tembo karibu 4,000 waliohesabiwa wakikaribia, robo tatu walizuiwa. Katika misimu ambayo mazao yalikuwa yamestawi kiwango kilipanda hadi asilimia 86, na asali iliyopatikana ilifikia tani moja.

Watu husoma takwimu za tembo na kuishia hapo. Mimi naomba tuisome asali pamoja nazo. Tembo hawaji kila siku. Zipo wiki, pengine miezi, ambazo mpaka umetulia, na katika utulivu huo ndipo nyuzio nyingi hufa. Waya wa umeme hukatika bila kuungwa. Kamba ya pilipili, ambayo hutundikwa vitambaa vilivyochovywa katika oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, hupoteza ukali mvua ikinyesha, na mkulima asiyeona nyayo za tembo haoni haja ya kununua pilipili nyingine. Uzio wa mizinga una madai yake pia: majani chini ya mizinga yafyekwe, siafu wazuiwe, waya ukazwe. Tofauti ni kwamba anayekwenda kuangalia asali anauangalia na uzio. Kazi ya ulinzi imefungwa ndani ya kazi ya mapato, na nyuki wakitoka mzingani wanachavusha maua ya maboga na kunde zilezile wanazozilinda.

Panapovuja

Ulinzi huu una udhaifu, na wanaoueneza wanawajibika kuutaja kwa sauti ileile wanayotajia mafanikio. Nyuki hawanunuliwi pamoja na mzinga. Mizinga husubiri makundi yahamie yenyewe, na yakikosa maua na maji yanahama. Ukame wa mwaka 2017 uliipunguza mno mizinga yenye nyuki Sagalla, na athari zake ziliendelea kwa miaka mitatu. Ukame huohuo ndio unaomsukuma tembo atoke hifadhini kutafuta chakula, kwa hiyo mlinzi anadhoofika wakati mwizi ana njaa zaidi.

Tena mlinzi naye ana wezi wake. Nyegere huvunja mizinga kwa ajili ya asali na majana. Kuning'iniza mizinga kunamtatiza, na nguzo ikivikwa bati laini hapati pa kushika akipanda. Binadamu mwenye ndoo na moshi hazuiwi na bati, na dhidi yake hakuna kinachozidi jirani mwenye masilahi. Pembezoni mwa Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, upande wa Kilombero nchini Tanzania, uzio wa mizinga uliendeshwa na kikundi cha wakulima kwa pamoja. Uzio ukiwa wa wengi, macho yanayoulinda huwa mengi.

Kwenye bustani ya nyumbani

Mwenye matuta ya mchicha na sukuma wiki nyuma ya nyumba hana tembo. Ana kuku wa jirani, mbuzi, tumbili na mkono unaopita juu ya ukuta jioni. Mizinga haimfai, kwani nyuki wakali karibu na watoto na mifugo iliyofungwa kamba ni hatari. Lakini kanuni inamfaa kabisa.

Kwanza amjue mwizi kabla ya kununua chochote. Kuku hufukua na kudonoa, kwa hiyo anahitaji wavu wenye matundu madogo uliozikwa kidogo chini. Mbuzi husukuma na kurefusha shingo, kwa hiyo anahitaji uzio mgumu uliosimama mbali kidogo na tuta. Tumbili hupanda, na wavu wa pembeni bila wa juu kwake ni ngazi. Uzio mmoja wa kuwazuia wote kwa kawaida hauzuii hata mmoja vizuri.

Pili, achague uzio unaozaa. Michongoma iliyopandwa kwa kubanana humzuia mbuzi na mtu, na ikipogolewa hutoa kuni. Glirisidia inayotumika kama nguzo hai haiozi wala hailiwi na mchwa kama mti uliokatwa, na majani yake ni lishe ya mifugo na mbolea ya matuta. Ua wa namna hii huchukua muda kukomaa, lakini kila ukipogolewa unakuwa mnene zaidi na mwenyewe anapata kitu mkononi. Tena kwa kupogoa anafika kila kona ya bustani mara kwa mara. Mwizi wa mboga hupenda bustani ambayo mwenyewe huonekana siku ya kupanda na siku ya kuvuna tu.

Kwa serikali za kaunti, halmashauri na mashirika, somo ni gumu zaidi. Kugawa mizinga ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayopigwa picha. Nusu ya pili ni maji ya nyuki wakati wa kiangazi, mimea inayochanua misimu tofauti, mafunzo ya kurina bila kuua makundi, na soko la asali lenye bei inayomfanya mkulima aamke mapema kuukagua waya. Bajeti isiyo na mambo hayo imenunua mbao na nyaya, haijanunua ulinzi. Anayetaka kupima mradi wowote wa kulinda mazao asiulize ulizuia wanyama wangapi mwaka wa kwanza pekee. Aulize mkulima alipata nini kutoka kwenye uzio huo katika mwezi ambao mnyama hakuja, na jibu litamwonyesha kama uzio utakuwa bado umesimama miaka mitano baadaye.