Sampuli za Vyakula za Kappabashi: Kutoka Nta hadi Vinili

Kati ya Ueno na Asakusa, katika jiji la Tokyo, upo mtaa wa Kappabashi, wenye urefu wa mita 800 hivi na maduka yapatayo 170, ambao tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walipokusanyika hapo wauzaji wa vyombo na vifaa kuukuu, umekuwa mahali ambapo mwenye mkahawa hupata karibu kila kitu cha kazi yake isipokuwa chakula chenyewe: sufuria, visu, mabakuli, mapazia ya mlangoni, hata sare za wapishi. Bidhaa inayostahili kuchambuliwa zaidi, hata hivyo, ni ile inayofanana na chakula na isiyolika, yaani sampuli zinazopangwa kwenye kabati za vioo mbele ya mikahawa ili mteja, kabla hajavuka kizingiti, ajue atapewa nini, kwa kiasi gani na kwa bei gani.

Matumizi ya sampuli hizo yalienea Tokyo katika miaka ya 1920, lakini aliyezifanya kuwa biashara kubwa ni Iwasaki Takizo (1895–1965), mzaliwa wa Gujo Hachiman katika mkoa wa Gifu, ambaye mwaka 1932 alifungua shughuli yake Osaka, na ambaye kazi yake ya kwanza inayokumbukwa ni kimanda cha mayai kilichofinyangwa kwa nta.

Katika njia ya awali, chakula halisi kilimwagiwa agari iliyoyeyushwa, ambayo ni utomvu wa mwani mwekundu (wa kundi moja na mwani unaolimwa Zanzibar, ijapokuwa si aina ileile), nayo ilipoganda ilibaki na alama ya kila kunyanzi na kila kitundu, hivyo kuwa kalibu ya kumiminia nta iliyotiwa rangi. Njia hiyo ilinakili umbo kwa uaminifu, lakini kuna vyakula ambavyo uhalisi wake hauko katika umbo bali katika mparaganyo, na hapo ndipo ustadi wa mafundi wa nta unapojidhihirisha. Ili kuiga tempura, yaani kamba aliyechovywa katika rojo la unga na kukaangwa, fundi humimina nta ya moto kutoka juu kidogo hadi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji, huelea na kutawanyika, na kwa kuwa hupoa papo hapo, kila tone hubaki kama chembe ya ukoko, kisha kamba wa bandia hulazwa juu yake na kuviringishwa kabla utando haujakakamaa. Jani la saladi nalo hupatikana kwa kutandaza nta nyeupe na ya kijani juu ya maji, kushika ukingo wake na kuuvuta polepole chini ya maji mpaka utando utanuke, upungue unene na kujikunja wenyewe. Kwa maneno mengine, fundi haichongi mikunjo hiyo hata mmoja. Huyaachia maji kazi ambayo kalibu isingeiweza.

Udhaifu wa nta ulikuwa joto, maana kabati la kioo linalopigwa na jua huilainisha, na rangi zake nazo hupauka. Kuanzia miaka ya 1970 mafundi walihamia vinili, plastiki inayomiminwa ikiwa uji na kuwa imara baada ya kuokwa katika tanuri, na kwa sababu agari isingestahimili moto huo, kalibu nazo zikawa za silikoni, ambayo hupindika bila kuchanika na hutumika tena na tena. Mabadiliko hayo yalihamisha kitovu cha ufundi, kwa kuwa umbo lilipata kuwa rahisi kurudiwa, na tofauti ya kazi nzuri na mbaya ikaangukia kwenye rangi: wekundu wa nyama uliofifia kuelekea mfupani, mng'ao wa mafuta juu ya mchuzi, alama za kuungua kwenye samaki wa kuchoma, vyote vikiwekwa kwa brashi na kwa kipulizio, tabaka juu ya tabaka. Viwanda vikubwa havijafaulu kuimeza kazi hii kwa sababu iliyo wazi, nayo ni kwamba mkahawa unaojiheshimu hautaki bakuli la tambi la mtu mwingine, bali hupeleka chakula chake kitolewe kalibu, na kwa hiyo sampuli moja huweza kugharimu mara nyingi ya bei ya mlo inaouwakilisha.

Nta haijatoweka kabisa, kwani Kappabashi na Gujo Hachiman zipo karakana ambamo wageni hufundishwa kutengeneza tempura na saladi kwa njia ya beseni, ambayo haihitaji tanuri na hukamilika kwa dakika chache, ingawa anayeondoka na kazi yake lazima aiepushe na jua.