Uhabeshi au Lindi? Kivumishi cha Anwani ya Riwaya ya Moses Isegawa na Tatizo la Kukitafsiri kwa Kiswahili

Makala haya yanahakiki kivumishi kimoja adimu cha Kiingereza, "Abyssinian", katika anwani ya riwaya ya Moses Isegawa, *Abyssinian Chronicles*. Isegawa, mzaliwa wa Kawempe, Kampala, aliiandika kwa Kiingereza akiwa Uholanzi, nayo ikatoka kwanza kwa Kiholanzi mwaka 1998. Hoja kuu ni kwamba kivumishi hiki hakitafsiriki kwa kivumishi.

Kwa Kiingereza, neno hilo hubeba mambo mawili: jina la kale la Ethiopia na mwangwi wa "abyss", yaani lindi. Riwaya inadai kuwa Abisinia halisi ni Uganda ya leo, nchi ambayo chini ya kila shimo pana shimo jingine. Kwa msomaji anayeutazama utawala wa Idi Amin kupitia masimulizi ya Mugezi, mchezo huo wa maneno ni hukumu ya kisiasa.

"Kumbukumbu za Kihabeshi" ingepotosha. Uhabeshi hauna mwangwi wowote wa shimo. Kwa Waislamu wa pwani ni nchi ya Najashi aliyewapokea wahajiri wa kwanza. Kimbilio lingegeuzwa shimo bila msomaji kuandaliwa.

"Lindi" lina nguvu zaidi. Wasemaji husema lindi la umaskini, na wingi wake, malindi, unaafiki mashimo yaliyopandana. Hata hivyo, Lindi ni mji wa Tanzania na Malindi ni mji wa Kenya. Hukumu iliyokusudiwa Uganda ingewaangukia majirani.

Njia bora ni anwani kubaki na "Abisinia", jina lisilo na uzito wa Najashi, na neno lindi kurudiwa ndani ya matini hadi msomaji aunganishe mawili hayo. Mshtuko wa ghafla utapotea, lakini hukumu itabaki.

Suala hili linavuka mipaka ya mtindo. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Waganda wengi walikisikia vinywani mwa askari. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Sera itakayohesabu idadi ya tafsiri bila kupima uaminifu wake italeta vitabu darasani na kuiacha kumbukumbu hiyo nje. Lugha iliyotumiwa kutoa amri inapaswa sasa kuwezeshwa kusimulia zilichofanya amri hizo.